Kanyagio la Kulia

Siku Mzee Cheche alipomimina chai mezani badala ya kikombeni, binti yake alikuwa amekaa mkabala naye, akaona kila kitu. Aliona mkono wa baba yake ukiinua birika kwa utulivu uleule wa siku zote, akaona pua ya birika ikisimama vidole viwili kando ya kikombe, na chai ikaanza kushuka juu ya kitambaa cha meza. Mzee hakushtuka. Alimimina kwa makini, kichwa kimeinama kidogo, mpaka aliposikia matone yakigonga sakafu.

"Birika hili limepinda pua," akasema.

"Kweli, Baba. Nitatafuta jingine," binti akajibu, akainuka kwenda kuchukua tambara.

Mama alikuwa kwenye cherehani yake pale dirishani. Mguu wake ulisimama kidogo juu ya kanyagio, kisha cherehani ikaendelea kulia.

Ajabu ni kwamba kazi ya binti huyu ilikuwa macho ya watu. Alikuwa fundi katika duka la miwani karibu na kituo kikuu cha mabasi; alikata vioo, akavisugua mpaka vikae kwenye fremu, na mwenye duka asipokuwepo yeye ndiye aliyewasimamisha wateja mbele ya ubao wa herufi. Mtaani walimwita Miwani, ingawa mwenyewe hakuvaa. Macho yake yalikuwa makali kama ya mwewe. Kwa siku moja aliweza kuwaambia watu wanne watano, bila kupepesa, "Mzee wangu, hili si la miwani. Huyu ni mtoto wa jicho. Nenda hospitali mapema." Nyumbani ulimi wake uligeuka gogo.

Alikwisha kujaribu mara moja. Alimkuta baba yake amekaa kwenye mwanga wa mlango, akaona ndani ya mboni zake weupe kama wa kioo kilichopumuliwa. "Baba, njoo dukani siku moja nikupime," akasema. Mzee akacheka kwa pua. "Nimechomelea mageti ya mtaa huu miaka arobaini. Siku nitakayoshindwa kuziona cheche, nitakwambia mwenyewe." Na kwa Mzee Cheche neno likishatoka lilikuwa kama chuma kilichopoa, hulikunji tena.

Kisha ikaja pikipiki.

Ilikuwa ya mbio, ile aina inayomlaza mpandaji juu ya tangi, lakini ya injini ndogo. Miwani aliinunua kwa mwalimu wa michezo aliyekuwa ameanguka nayo upande wa kulia, akaambiwa na mkewe achague moja, ama chuma hicho ama yeye. Mwalimu alikuwa mtu mwenye busara. Miwani alikuwa na miaka thelathini na moja, hakuwa na mume wa kumpa masharti, na tangu shuleni alikuwa akigeuza shingo kila pikipiki kama hiyo ilipopita. Aliitaka tu. Basi.

"Ni ya sisi mia na hamsini, Mama," alisema siku alipoisukuma hadi uani.

Mama akaizunguka, mikono kiunoni. "Sisi mia na hamsini? Sisi gani hao? Mimi naona kiti cha watu wawili, tena wembamba."

Mzee Cheche alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa miezi hajacheka namna ile. Kazi zilikuwa zimepungua. Watu, alisema, siku hizi wananunua milango iliyokwisha kutengenezwa. Alibaki kuitwaitwa kwa vijikazi, mara reli ya ngazi, mara stendi ya tangi la maji. Alisogea, akaweka kiganja kwenye tangi la pikipiki, akateremsha mkono taratibu ubavuni kama mtu anayempapasa ng'ombe sokoni. Mkono ukafika chini upande wa kulia, ukasimama.

"Hapa pamekatika."

Palikuwa pamekatika kweli. Kile kipande kinachobeba kanyagio la breki ya nyuma, pamoja na pa kuwekea mguu, kilivunjika siku ile ya kuanguka. Kilikuwa cha aluminiamu, na mashine ya Mzee haikuwa na uwezo wa kuchomelea aluminiamu. Kipya hakikuwa rahisi kupatikana, na muuzaji mmoja aliyekuwa nacho aliitaja bei kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za msiba.

"Cha nini kununua?" Mzee akasema. "Nitakutengenezea cha chuma. Hicho hata tembo akikikanyaga hakiendi popote."

Wakaanza. Kila jioni Miwani akitoka kazini, na Jumamosi kutwa, walikuwa uani na ile pikipiki. Walikata mkia wa fremu uliokuwa wa kubebea abiria. Plastiki za ubavuni zilizopasuka hawakuzitupa. Miwani alitoboa vitundu kandokando ya ufa kwa msumari wa moto, akaushona kwa waya mwembamba, akapaka gundi juu, akapiga msasa. Usukani uliopinda waliutoa, wakaweka mabomba mawili mafupi yaliyoshuka chini. Sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, waliibadilisha kwa yenye jino moja pungufu, ili ing'ate vizuri kwenye mlima. Mama, aliyekuwa ameapa kuwa hana ushirika na chuma hicho, siku moja alitokea na kiti cha mtu mmoja alichokishona kwa ngozi ya kochi la zamani. "Nimekishona ili uone haya ukianguka," alisema. Breki ya mbele ndiyo iliyowachelewesha. Mipira yake ya ndani ilikuwa imeoza. Miwani aliagiza mingine, wakaifungua breki, wakaiacha wazi, ikisubiri.

Mzee alianza tena kupiga mluzi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kutokea uani. Alizungumza na ile pikipiki, akaitukana, akaibembeleza. Miwani alimtazama akajisemea kwamba huyu ndiye baba aliyekuwa amempoteza, na sasa amerudishiwa na takataka ya chuma. Ndiyo maana alinyamaza. Alinyamaza alipoona Mzee hasomi tena namba za spana bali anazipima kwa ncha ya kidole. Alinyamaza Mzee alipowalaani watengenezaji wa balbu kwamba siku hizi wanauza giza. Alinyamaza hata alasiri ile Mzee aliponyanyua kichwa kutoka kwenye kazi, akatazama kamba ya nguo, akasema kwa uchangamfu, "Karibu, bwana! Mbona umesimama huko?"

Kwenye kamba palikuwa na koti lake mwenyewe.

Mama alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni, akafunika kinywa kwa kiganja.

Jumamosi ya kuchomelea kipande cha kulia, Miwani ndiye aliyeshika vyuma kwa koleo. Palikuwa na bamba nene lililokatwa kwa umbo la kile cha zamani, na bomba fupi la kukanyagia ambalo kanyagio la breki lingezungukia. Mzee alipapasa pale pa kuunganishia kwa kidole, akavuta kinyago usoni, akagusisha kijiti cha kuchomelea. Miwani aligeuza uso, lakini kabla hajageuza aliona. Cheche zilianza kando ya mstari.

"Kulia kidogo, Baba."

"Nakujua kulia," Mzee akajibu ndani ya kinyago.

Hakusogea.

Chuma kilipoanza kupoa, Mzee alikigonga kwa nyundo ndogo kutoa maganda. Zamani mshono wake ulikuwa kama magamba ya samaki, gamba limelalia gamba, mpaka watu walikuwa wakiupapasa kwenye mageti wakipita. Huu ulikuwa madonge. Mengine yamekaa kwenye bamba, mengine kwenye bomba, na katikati, palipotakiwa kushikana, palibaki mstari mweusi mwembamba kama unywele. Mzee alipitisha kidole gumba juu yake, polepole, kwenda na kurudi. Uso wake haukuonyesha kitu. Akachukua tupa, akasawazisha, akapaka rangi hata kabla chuma hakijapoa sawasawa, akakifunga kwenye pikipiki kwa boliti mbili na nati zake.

"Je?" akauliza.

"Umekaa vizuri, Baba."

Uongo wa birika ulikuwa umepita kama maji. Huu ulimweka macho mpaka usiku wa manane, na Jumapili nzima hakuweza kuitazama pikipiki.

Jumatatu alfajiri, Mzee akiwa bado ndani, alifungua boliti mbili, akatoa kile kipande, akakitia kwenye mkoba wake wa kazini. Saa ya chakula cha mchana alikwenda nacho kwa Koleo. Koleo alikuwa na karakana yake mwenyewe nyuma ya soko, watu watatu chini yake, na tumbo la mtu anayelipwa kwa wakati; lakini ufundi alijifunza kwa Mzee Cheche, na hadi leo alimwita Mwalimu.

Koleo alikwangua rangi kwa ukucha. "Hii kazi ya nani? Mwanafunzi wa juzi?"

Miwani akainamisha kichwa. Koleo akamtazama, akakitazama chuma, kisha akavua kofia.

"Mungu wangu," akasema taratibu. Akakining'iniza kile kipande kwenye waya, akakigonga kwa nyundo. Hakikulia, kilitoa sauti ya kopo. "Imelala juu tu. Haijaingia. Mtu akikanyaga breki kwa nguvu, inabanduka kama gamba la kidonda. Tangu lini haoni?"

"Sijui. Mwaka. Labda miwili."

"Miwili," Koleo akarudia. Akasimama akitazama nje ya mlango, midomo ikicheza kama ya mtu anayehesabu, lakini alichohesabu hakukisema. "Nitakukatia nichomelee upya. Nitaipaka rangi ileile, Mwalimu hatajua."

Akaenda kuwasha mashine. Mashine haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika karakana nzima, na sokoni kote kelele za grainda za kukatia vyuma zilikuwa zimenyamaza kwa mpigo mmoja. Walisubiri nusu saa. Miwani alitakiwa dukani.

"Niachie," Koleo akasema.

"Siwezi. Jioni Baba hukaa na pikipiki. Atapapasa akute hakipo."

"Basi lete kesho. Lakini isipandwe. Nakwambia, hata kushushwa kilimani kwa kusukuma, isishushwe."

Jioni hiyo, Mzee akiwa amejilaza, Miwani alikirudisha kile kipande mahali pake. Alikaza boliti kwa mkono wake mwenyewe, akafuta vumbi. Kesho, alijiambia. Asubuhi na mapema, kesho.

Lakini asubuhi ya Jumanne alipotoka na mkoba wake, Mzee alikuwa tayari uani. Amekaa kwenye kigoda kando ya pikipiki, upande wa kulia, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, Baba. Umeamka mapema."

"Marahaba. Usingizi umekwisha." Hakugeuka. "Nati hizi nilizikaza mimi Jumamosi?"

"Ndiyo, Baba."

"Mm."

Miwani alisimama pale, spana ndogo ndani ya mkoba ikimlemea kama jiwe la kusagia. Angeweza kusema. Baadaye alikuja kuyapima maneno hayo mara nyingi, akakuta yalikuwa machache mno. Baba, huu mshono si mzuri. Basi. Mtoto wa darasa la pili angeyasema. Badala yake alisema, "Nimechelewa," akaenda zake.

Saa tano kasoro simu yake ikaita. Alikuwa kwenye mashine ya kusugulia, kioo cha mteja kimebanwa.

"Baba yako amekuja huko kwako?" Mama akauliza.

"Hapana."

"Nilikwenda kupeleka nguo za watu. Nimerudi geti liko wazi." Sauti ya Mama ilikuwa ya kawaida, ya kawaida kupita kiasi. "Na lile chuma lako halipo."

Kioo kilipasuka kwenye mashine. Miwani alitoka bila hata kuizima.

Mtaa wao ulikuwa kwenye mteremko. Juu kabisa ilikuwa barabara kubwa, nyumba zao katikati, na chini kabisa njia iliishia kwenye ukuta wa ghala la mbao. Pikipiki ya kukodi ilimshusha Miwani mbele ya geti lao. Mama alikuwa amesimama barabarani, sindano yenye uzi bado imechomekwa kifuani mwa gauni, akitazama chini. Miwani akaanza kushuka. Hakukimbia.

Cha kwanza alichokiona kilikuwa katikati ya njia, mbele ya nyumba ya tano. Kanyagio, na bomba fupi la chuma. Limekaa peke yake juani, rangi yake ya juzi bado inang'aa. Upande uliobanduka ulikuwa msafi, laini kama sahani. Haukuwa umevunjika. Haukuwahi kushikana.

Kutoka hapo palikuwa na alama ya tairi iliyonyooka, bila kuyumba, kama mstari uliopigwa kwa rula, hadi chini. Na chini palikuwa na watu.

Wafanyakazi wa mbao walikuwa wamemlaza juu ya ubao mpana. Alikuwa hai. Paja lake la kulia lilikuwa limekunjika mahali pasipo na goti. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi la mbao na macho yake yalikuwa wazi, yakitazama jua moja kwa moja bila kupepesa.

"Nani huyo?" akauliza Miwani alipopiga magoti.

"Ni mimi, Baba."

"Mm," akasema Mzee. "Inavuta vizuri. Lile jino moja tuliloondoa limesaidia."

Hospitali walimpigia tochi machoni kuangalia kama kichwa kimeumia. Daktari aliipeleka tochi jicho hili, akaipeleka jicho lile, akarudia. Akamgeukia Mama. "Huyu mzee alikuwa akiendesha pikipiki?" Alikuwa ameanza kulia tangu ghala la mbao, bila sauti, na hakunyamaza mpaka jioni.

Waliliunga paja kwa chuma. Siku mbili Mzee hakusema neno na mtu. Siku ya tatu, saa ya kutembelea wagonjwa, Miwani alikuwa akimmenyea chungwa. Mzee akasema, huku ameelekea darini:

"Ulikifungua."

Kisu kikasimama. "Ndiyo, Baba. Nilikipeleka kwa Koleo."

"Nilijua. Nati huwa naziacha pembe zikitazama juu, zote. Asubuhi ile nikapapasa, moja inatazama pembeni." Akameza mate. "Akasema nini?"

"Alisema haijaingia."

"Alisema kweli. Niliujua mshono ule kwa kidole, siku ileile. Kidole changu hakijapofuka."

"Basi kwa nini, Baba?"

Mzee alivuta shuka mpaka kifuani. Kitanda cha jirani mtu alikuwa akikoroma.

"Nikisema niliipanda kwa ajili yako, isije ikakuua wewe, nitakuwa naongopa mbele ya Mungu. Nilikwenda kwa hasira. Nilisema, mwanangu mwenyewe anachukua kazi yangu anaipeleka kwa niliyemfundisha kushika koleo. Nikasema, nitaipanda mpaka chini na kurudi juu, jioni niwaulize wote wawili. Breki ya mbele nilijua haipo. Nikakanyaga ile ya nyuma pale nyumba ya tano, kwa mama mwenye maua. Ikashika kidogo. Kisha nikakanyaga hewa."

Miwani aliweka kisu chini. "Mimi nilijua tangu birika, Baba. Kila siku kazini nawaambia watu. Wewe nilishindwa. Na ile boliti niliikaza mimi."

"Basi tumegawana," Mzee akasema. Hakumfariji, wala hakumlaumu. Baadaye kidogo, sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba, ya mtu aliyekumbuka chungu alichokiacha motoni. "Una karatasi?"

"Ya nini?"

"Andika. Ngazi ya nje ya kliniki ya meno. Hiyo ilikuwa mwaka jana, kabla ya mvua. Andika. Bembea ya shule ya chekechea. Geti la mchomaji matofali, zile bawaba. Andika." Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. "Stendi ya tangi la maji, kwa mama mwenye saluni."

Miwani akaandika nyuma ya karatasi ya dawa, na alipofika kazi ya saba ndipo alipoelewa ni kitu gani Koleo alikuwa akihesabu siku ile mlangoni.

Kazi alizozifanya tangu macho yaanze kufifia zilifika kumi na saba. Mama aliongeza mbili kwa kukumbuka nani alipiga simu, Mzee akaondoa mbili ambazo alishika tu huku mwingine akichomelea. Koleo alifunga karakana yake, akachukua nyundo, na yeye na Miwani wakaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba, kama watu wa sensa. Walianza na bembea. Ilikuwa nzima, lakini waliifungua minyororo hata hivyo, na mwalimu mkuu akawatazama kama wezi. Ngazi ya kliniki ilikuwa na daraja mbili zilizoshikiliwa na rangi tu. Koleo alizivuta kwa mkono mmoja zikatoka.

Saluni walifika alasiri. Ilikuwa kibanda cha matofali, na nyuma yake, miguu minne ya chuma ilipanda juu ya paa na kubeba tangi jeusi la lita elfu moja, limejaa. Ndani walikaa wanawake watano na mtoto mchanga. Koleo aligonga mguu wa kwanza, ukalia. Wa pili ukalia. Wa tatu ukatoa sauti ya kopo.

"Toa watu," akamwambia Miwani, kwa sauti ya chini.

"Nitoke na kichwa nusu?" mteja mmoja akalalamika, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima. "Mtaa mzima unione?"

"Toka, dada yangu. Watakuona uko hai."

Walifungua bomba la chini, maji yakaanza kutoka. Yalichukua karibu saa nzima. Watu walikuja na ndoo, pakawa kama sherehe, watoto wakicheza kwenye matope, na Koleo akiwafukuza kila mara warudi nyuma. Tangi lilipofika robo, bila mtu kuligusa, ule mguu wa tatu ulisema tak. Mara moja tu. Stendi ikainama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, tangi likatelemka, likaangukia paa la saluni na kutoboa bati juu ya kiti cha kusukia. Maji yaliyobaki yalikuwa machache, likakwama hapo.

Mama mwenye saluni alikaa chini kwenye matope na gauni lake zuri.

Tangu siku hiyo habari ilitangulia mbele yao, na wengine walikuja wenyewe kuita. Kazi sita kati ya kumi na saba zilikuwa mbovu. Baadaye sana Mzee alikuja kufanyiwa upasuaji, jicho la kushoto likarudi, la kulia wakasema amechelewa. Pikipiki nayo ilikuja kupata kipande kipya cha kununua, na Miwani huipanda hadi leo kwenda dukani, na siku anayoipanda Mama hamuagi. Lakini hayo yalikuwa bado. Wakati ninaousimulia Mzee alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, kwa magongo, na kwenye karatasi ilikuwa imebaki kazi moja tu, reli ya roshani ya karani mstaafu wa posta.

Karani huyo aliwakatalia. Mara mbili Miwani na Koleo walipanda hadi mlangoni kwake na mara mbili akawarudisha. "Mzee Cheche hakosei," alisema. "Ninyi vijana mnataka kazi zake." Na mara ya pili, walipokuwa wakishuka, walimwona ametoka kwenye roshani, ghorofa ya pili, ameegemea ile reli kwa tumbo lote, akiwapungia mkono.

Mzee alipoambiwa, alisema, "Nipelekeni."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Walimchukua kwa teksi ingawa ni mitaa mitatu tu. Alisimama chini ya roshani, kwa magongo yake, uso ameuinua juu, kidogo pembeni ya mahali karani aliposimama. Watu wa duka la jirani walitoka kutazama.

"Bwana Karani," Mzee akaita.

"Mzee Cheche! Pole na mguu. Nimewaambia hawa..."

"Ondoka kwenye reli hiyo."

"Lakini kazi yako, Mzee..."

"Nilikuwa sioni." Alisema kwa sauti kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za mashine, na mtaa mzima ukasikia. "Siku niliyokufungia reli hiyo nilikuwa sioni. Sasa hivi pia sikuoni, nakusikia tu. Nilichukua fedha yako nikijua. Ondoka hapo, bwana, nakuomba."

Miwani alitazama chini. Kando yake Koleo alikuwa akifuta pua kwa mgongo wa mkono. Juu, karani alirudi nyuma hatua moja, mikono ameiinua kutoka kwenye chuma kana kwamba kimepata moto.

Koleo alipanda. Walisikia nyundo yake, nguzo moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu. Kisha kichwa chake kikachungulia.

"Mwalimu, hii iko sawa. Zote zinalia."

"Umegonga zote?"

"Zote. Mara mbili."

"Kata," Mzee akasema.

"Lakini Mwalimu, ni nzima..."

"Sijui niliifanyaje iwe nzima. Kata, umfungie nyingine."

Grainda ikaanza kunguruma. Karani aliteremka ngazi asije akamwagiwa cheche, akaja akasimama karibu na Mzee, amevaa kandambili na fulana ya ndani, hajui aweke wapi mikono yake. Aliitazama reli yake ikikatwa kipande kwa kipande.

"Basi, Mzee," akasema hatimaye, kwa upole, "na zile nondo za dirisha la binti yangu? Zile ulizomfungia alipohamia ng'ambo ya reli ya treni, ghorofa ya nne? Ana wale mapacha, wanapenda kuzipanda. Hizo nazo utazitazama lini?"

Miwani alifungua karatasi, akaisoma kutoka juu hadi chini, akaisoma tena. Hazikuwemo.

"Nondo zipi?" Mzee akauliza. Kisha akamshika binti yake mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Andika," akasema. "Andika, mwanangu. Halafu tuite teksi ileile, haijafika mbali."